Nyumba za asili za Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi, kwa vijana wanaojenga Mbeya, Iringa na Njombe, na kwa waliozaliwa mjini ambao huenda kwa babu siku za sikukuu na kukuta mambo wasiyoyaelewa: kwa nini jiko liko peke yake, kwa nini mkwe hapiti mlango ule, kwa nini makaburi yako katikati ya migomba. Penye mengi ya kusema nimejibu kwa kirefu, na pasipo na mengi nimepita haraka. Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo: nyumba hizi zilipanga watu kabla hazijapanga vyumba. Anayetazama tope na nyasi peke yake bado hajaiona nyumba.

Nyumba ya asili ya huku kwetu ilikuwaje hasa?

Hazikuwa za namna moja. Tukuyu mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, lakini ukishuka Isimani au Pawaga unakuta vumbi na migunga. Makete umande huganda alfajiri za Juni na Julai. Watu wa sehemu hizo wasingeweza kujenga nyumba ya aina moja, na hawakujaribu.

Unyakyusa, yaani upande wa Rungwe na Kyela, ndiko kulikokuwa na nyumba za mianzi, zenye paa la nyasi lililoinama sana ili maji yasitulie. Nyingine zilikuwa za duara, nyingine ndefu zenye nafasi ya ng'ombe ndani. Uhehe, upande wa Iringa, palitawala tembe, nyumba ya pembe nne yenye kuta nene za udongo na paa bapa. Usangu nako walijenga tembe. Usafwa na Mbozi msonge wa fito na udongo ulionekana sana. Ukinga, kwenye milima ya Livingstone, mianzi na miti ilitumika, na moto haukuachwa uzimike ovyo kwa sababu ya baridi.

Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyefika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alistaajabia vijiji vya Wanyakyusa: nyumba nadhifu, migomba, vivuli vilivyofagiliwa. Namtaja kwa sababu wapo wanaodhani usafi wa mji, yaani wa makazi ya kaya, uliletwa na wageni. Mgeni mwenyewe aliukuta.

Kwa nini tembe la Mhehe lilikuwa na paa bapa? Si lingevuja?

Mahali penye mvua haba paa bapa linafanya kazi vizuri. Nguzo nzito huchimbiwa, boriti hulazwa juu yake, kisha fito zilizobanana, kisha nyasi, na mwisho udongo unaoshindiliwa mpaka ushikane. Baada ya mvua kubwa lilihitaji kukaguliwa na kuongezwa udongo, na kazi hiyo haikuisha. Paa hilo lilitumika pia kuanikia nafaka.

Lakini hali ya hewa peke yake haitoshi kulieleza. Karne ya 19 huku ilikuwa ya vita. Wahehe walipigana na Wangoni, walipigana na Wasangu, na baadaye na Wajerumani. Paa la nyasi adui hulichoma kwa kijinga kimoja cha moto usiku, lakini la udongo haliwaki upesi namna hiyo. Kuta nene, matundu madogo badala ya madirisha, na vyumba vilivyozunguka ua ambamo ng'ombe waliingizwa jioni: hayo yote yanaonyesha watu waliojua kwamba mali yao inaweza kuvamiwa.

Ukilitazama tembe kwa jicho hilo, ngome ya Mkwawa pale Kalenga inaeleweka vizuri zaidi. Ule ukuta mkubwa wa mawe na udongo kando ya Ruaha Mdogo, uliovunjwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, ulifanya kwa himaya yote kazi ileile ambayo tembe lilifanya kwa kaya moja: watu na mifugo ndani, mlango unaolindwa, na mkubwa mmoja anayewajibika kwa wote waliomo. Mhehe wa kawaida alipoingia Kalenga hakuona mpango mgeni.

Ndani ya tembe nani alikaa wapi?

Tembe la mtu mwenye wake zaidi ya mmoja lilipanuka kwa kuongezwa vyumba kuzunguka ua. Kila mke alikuwa na sehemu yake, moto wake na vihenge vyake vya nafaka. Ua ulikuwa wa wote. Kwa hiyo kulikuwa na umoja unaoonekana kutoka nje, ukuta mmoja na paa moja, na ndani yake mipaka ambayo kila mtoto aliijua tangu anatambaa. Huchoti nafaka kwenye kihenge cha mama mwingine hata kama baba ni mmoja na njaa ni moja.

Watu husema siku hizi kwamba wazee waliishi kwa ushirika bila kugawana, na sikubaliani nao. Waligawana kwa makini sana, na ushirika wao ulidumu kwa sababu ya mgawo huo.

Ni kweli kwamba vijana wa Kinyakyusa walijenga vijiji vyao wenyewe?

Ni kweli, na ndiyo habari ya Nyanda za Juu Kusini iliyosomwa sana duniani na kujulikana kidogo nyumbani. Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa Unyakyusa miaka ya 1930, wakati utaratibu huo ulikuwa bado unaonekana kwa macho, na wakauandika kwa kina.

Mvulana akifika umri wa miaka 10 au 11 aliondoka nyumbani kwa baba yake kwenda kulala. Yeye na wenzake wa rika walijenga vibanda pembezoni mwa kijiji cha baba zao. Mwanzoni vilikuwa vibanda vya kitoto vya matete, vinavyoanguka na kujengwa tena, na hivyo ndivyo walivyojifunza kujenga. Chakula hawakupika. Walikwenda kwa kundi kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, na bado walilima shamba la baba. Wadogo zao waliendelea kujiunga kwa miaka kadhaa, kisha wenye kijiji wakakataa wengine, na wale waliokataliwa wakaanzisha chao.

Walipokua vibanda vikawa nyumba. Kijana alioa kwa kuchelewa, mara nyingi akiwa na miaka 25 au zaidi, kwa sababu ng'ombe wa mahari walitoka kwa baba na baba hakuwa na haraka. Mke alipoletwa ndipo alipopata jiko lake na shamba lake, na kile kijiji cha wavulana kikawa kijiji cha wanaume wenye wake na watoto. Majirani zako wa maisha yote walikuwa wale uliocheza nao. Wanyakyusa wana neno kwa raha hiyo ya kukaa, kula na kuzungumza na wa rika lako: ukwangala. Kwao huo ulikuwa wema unaohitaji mahali, na mahali pake palikuwa kijiji cha rika. Aliyekula peke yake ndani kwake alitiliwa shaka.

Kisha, takriban mara moja katika kizazi, likaja tukio kubwa ambalo kizazi cha baba kiliwakabidhi wana utawala na nchi. Moto wa zamani ulizimwa katika nyumba zote, moto mpya ukapekechwa, na kila nyumba ikachukua kutoka huo. Wazee walisogea kuwapisha vijana kwenye ardhi. Malafyale, yaani chifu, aliyekabidhi alitarajiwa kutoishi muda mrefu baada ya hapo.

Nataka msomaji atue kidogo hapa. Sehemu nyingi za Tanzania nyumba ya mwana huota kando ya nyumba ya baba, na mji unakua kwa damu. Wanyakyusa walijenga kwa umri. Damu ilipita kwenye ng'ombe na kwenye maziko, lakini ujirani ulikwenda na rika. Mtu alikuwa wa watu wawili kwa wakati mmoja, na nyumba yake ilisimama upande wa rika.

Kwa nini wavulana walitolewa nyumbani mapema hivyo?

Sababu iliyotolewa na wazee wenyewe ni heshima. Mtoto wa kiume anayekua hakupaswa kulala mahali ambapo anaweza kujua mambo ya usiku ya wazazi wake. Nyumba ya mianzi yenye chumba kimoja na ng'ombe upande wa pili haina siri.

Sababu ya pili ilihusu mkwe. Mke wa mwana na baba mkwe hawakuruhusiwa kuonana kabisa. Mwanamke akimwona mkwewe kwa mbali njiani alijifunika na kupita kichakani. Hakutaja jina lake, na hata maneno yanayofanana na jina hilo aliyakwepa, akatafuta mengine. Sasa fikiria miji ya baba na mwana ikiwa imepakana: mama huyu angechota maji saa ngapi? Kijiji cha wana kikiwa mbali na cha baba, mwiko huo unawezekana kuufuata na mwanamke anapumua.

Siku hizi mwiko wa mkwe bado unaathiri ujenzi?

Ndiyo, kwa upole zaidi. Familia nyingi za Rungwe, Kyela na hata Mbeya mjini huweka mlango wa nyuma unaotoka jikoni moja kwa moja uani, na mzee akija kumtembelea mwanawe chumba chake huwa karibu na sebule, mbali na cha wenye nyumba. Fundi atakuambia ni mtindo tu. Mwulize mama mwenye nyumba. Choo cha ndani kinachotumiwa na wote ndicho kimeleta mashaka makubwa: wapo wazee wanaolala kwa mwana wao na kukataa katakata kuingia choo ambacho mkwe wao anaoga. Si ukaidi, na kijana anayejenga akijua wazazi watakuja angefanya vyema kulifikiria hilo kwenye ramani.

Kwa nini kila mke alikuwa na nyumba yake? Ilikuwa ni kuepusha ugomvi tu?

Kuepusha ugomvi kulikuwa faida mojawapo. Jambo lenyewe lilikuwa mali na nasaba. Nyumba ya mama ilihesabika kama tawi la ukoo. Binti wa nyumba hiyo akiolewa, ng'ombe wa mahari yake mara nyingi walihesabiwa kuwa wa kumwozea kaka yake wa tumbo moja. Kwa hiyo jiko la mama lilikuwa pia daftari la haki za watoto wake.

Ndiyo maana hadi leo kwenye vikao vya ukoo utasikia "watoto wa nyumba ya kwanza" na "watoto wa nyumba ya pili", hata kama nyumba zenyewe zilianguka zamani na wote wamekulia chini ya bati moja. Wanaogombania shamba la migomba hutaja nyumba ambayo haipo tena, na wazee wanaelewa. Nimesikia wanasheria vijana wakikereka na mazungumzo hayo wakidhani ni ya kupoteza muda. Wangesikiliza: hapo ndipo ushahidi ulipo.

Mafiga na moto vilikuwa na maana gani zaidi ya kupikia?

Mafiga matatu yalikuwa ya mama wa nyumba. Mwanamke aliyewekewa mafiga yake amekubaliwa. Aliyekuwa bado anapika kwenye mafiga ya mama mkwe alikuwa bado mwanafunzi, hata akiwa na mtoto mgongoni. Kuyaondoa mafiga yake ilikuwa kumfukuza bila kusema neno.

Moto huo pia ulikuwa mtunzaji wa jengo. Moshi uliopanda kila siku ulifukuza wadudu watobao mianzi, ukakausha nyasi za paa, ukapaka masizi kila kitu. Juu ya moto kilikaa kichanja, na juu ya kichanja mbegu za mahindi na ulezi, ambazo wadudu hawakuzipenda kwa sababu ya moshi. Nyumba iliyoachwa bila moto ilianza kuliwa. Wazee wanaposema "nyumba imekufa" baada ya bibi kufariki na jiko kuzimika, wanaeleza pia jambo la wadudu.

Nani alijenga, mwanaume au mwanamke?

Kwa ujumla wanaume walikata miti na mianzi, wakasimamisha na kuezeka. Wanawake walibeba maji, wakakanda udongo na kukandika, na sakafu ya udongo na samadi ilikuwa mikononi mwao, pamoja na michoro ya ukutani pale ilipokuwapo. Kazi kubwa ilifanywa kwa pamoja na mwenye nyumba aliandaa pombe: ulanzi upande wa Iringa na Njombe, kimpumu ya ulezi Unyakyusa. Asiyekwenda kuezeka kwa wenzake alikuta paa lake halina watu.

Nyumba ilihusika vipi na mwali, mapacha na msiba?

Hapa nyumba ilifanya kazi ya kumtenga mtu na kumrudisha akiwa mwingine. Binti wa Kinyakyusa aliyevunja ungo aliwekwa ndani pamoja na wasichana wenzake, wakilala juu ya majani makavu ya mgomba, akifundishwa. Alipotoka alitoka mke. Yale majani hayakuachwa hivi hivi baada ya hapo. Yaliondolewa kwa utaratibu, kwa kuwa yalibeba ile hali aliyokuwa nayo.

Wazazi wa mapacha nao walitengwa katika kibanda, kwa sababu kuzaliwa kwa mapacha kulichukuliwa kuwa nguvu ya hatari kwa ndugu na kwa ng'ombe mpaka tambiko lifanyike. Hilo tumelivuka, na ni vizuri tumelivuka. Wapo mama waliobeba aibu bila kosa. Nalitaja kwa sababu anayesifu mila bila kutaja uzito wake hasemi kweli yote.

Wakati wa msiba ndugu walilala nyumbani kwa marehemu, wanawake ndani, wanaume nje kwenye moto. Hilo linaendelea. Nenda msiba wowote Tukuyu, Mafinga au Vwawa: mbali ya turubai na viti vya kukodi, mpango wa nani anakaa wapi ni uleule. Kina mama wako ndani sakafuni na mfiwa, wanaume uani. Nyumba ambayo haina ua huonekana upungufu wake siku hiyo.

Kwa nini tunazika nyumbani badala ya makaburi ya kijiji?

Rungwe na Kyela desturi ya kuzika karibu na nyumba ina nguvu sana, na familia nyingi za Iringa na Njombe vijijini nazo hufanya hivyo. Marehemu haondoki katika kaya. Amebadili mahali pa kulala tu. Wazee walizungumza na marehemu wao kaburini kabla ya safari, kabla ya kumwoza binti, mvua ilipochelewa.

Jambo hili lina upande wa ardhi pia. Kaburi la babu na mahame ya nyumba yake ni ushahidi ambao mtu hawezi kuughushi kwa urahisi. Panapotokea mgogoro, wazee huulizwa nani amelala pale, na mgomba upi ulipandwa juu ya kitovu cha nani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua umiliki wa kimila, na mtu anayeomba hati ya kimila husaidiwa sana na alama kama hizo. Ndiyo maana kuuza kiwanja chenye makaburi huwa vita ndani ya ukoo. Anayeuza ameuza watu.

Wamisionari walibadili nini?

Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Berlin wakaanza kazi Unyakyusa mwaka huohuo. Wabenediktini walifika Tosamaganga karibu na Iringa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1890. Walileta tofali, pembe nne, madirisha, misumeno na ufundi seremala. Mabadiliko mazito hayakuwa ya tofali. Yalikuwa ya nyumba ya mume mmoja na mke mmoja na watoto wao wote chini ya paa moja, wavulana wakiwemo. Mkristo aliyejenga hivyo alitangaza dini yake kwa kuta kabla ya kufungua mdomo. Pia alijitoa katika vijiji vya rika, kwa sababu waumini walihamia karibu na kanisa na shule.

Ni dini basi iliyoua vijiji vya rika?

Dini ilichangia, ila nadhani kahawa ilikata mzizi. Mfumo wa rika ulitaka ardhi iwepo ya kutosha na wazee wakubali kusogea. Mtu aliyepanda mibuni ambayo itazaa kwa miaka mingi hasogei. Miaka ya 1930 vijana wengi nao walikwenda Lupa, Chunya, kwenye dhahabu, wakarudi na fedha zao. Aliyejipatia mahari mwenyewe hakuwa na sababu ya kumsubiri baba wala rika. Alijenga alipotaka. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja mpango ule ukabaki kuwa simulizi.

Vijiji vya ujamaa viliathiri vipi nyumba za asili?

Uhehe viliathiri kuliko chochote baada ya vita vya Mkwawa. Katika Operesheni Vijiji, miaka ya 1973 hadi 1976, watu walihamishwa kutoka miji iliyotawanyika na kupangwa kwa mistari kando ya barabara. Shule, zahanati na bomba la maji vilisogea karibu, na hayo ni mema ya kweli ambayo mama aliyekuwa akitembea kwa saa tatu na mtoto mgonjwa hawezi kuyadharau. Lakini tembe haliwezi kuhamishwa. Nguzo zilibaki, makaburi yalibaki, na kiwanja cha kijiji kilitosha nyumba moja ndogo, bila ua wa kuzunguka vyumba vya wake na mifugo. Jirani yako akawa mtu uliyepangiwa.

Rungwe, kwenye migomba na kahawa iliyobanana, wengi walibaki walipokuwa. Ndiyo maana leo ukisafiri kutoka Iringa hadi Tukuyu unaona makazi mawili tofauti kabisa: vijiji vya mistari kwanza, kisha nyumba zilizozama ndani ya migomba, kila moja na njia yake.

Nyumba ya nyasi na udongo ni dalili ya umaskini?

Sensa huuliza umeezeka kwa nini na kuta zako ni za nini, na jibu hutumika kupima hali ya maisha. Kwa kazi hiyo ni sawa. Bati halishiki moto kama nyasi, linakupa maji ya mvua, na sakafu ya saruji inafagilika. Sitamwambia mtu abaki chini ya paa linalovuja kwa ajili ya utamaduni.

Ninachopinga ni kijana kuona aibu ya nyumba aliyozaliwa. Nyumba ya mianzi ya Rungwe ilihitaji ujuzi: kujua mwanzi uliokomaa, kujua msimu wa kuukata, kuufunga bila msumari, kuinamisha paa kwa kiasi kinachofukuza mvua ya Aprili. Tena tupo kwenye Bonde la Ufa. Tetemeko la Desemba 1910 kule Rukwa lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika Mashariki, na katika nchi inayotikisika, ukuta wa mianzi unaoyumba na kurudi una hekima ambayo tofali lisilo na nondo halina. Na tofali zenyewe tunazichoma kwa magogo ya misitu ambayo sasa tunailalamikia.

Naweza kuziona wapi?

Dar es Salaam kuna Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967, chenye nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Kalenga kuna jumba dogo la makumbusho lenye fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, na Iringa mjini kuna makumbusho ndani ya Boma la Wajerumani. Lakini nyumba iliyokaliwa na watu utaiona vizuri zaidi vijijini, ukiomba ruhusa. Piga hodi ukiwa mbali, usubiri ukaribishwe, usipige picha ndani kabla ya kusalimia. Uhehe na Ubena anza na "kamwene", Unyakyusa "ugonile" itakufungulia mlango.

Ninajenga nyumba ya kisasa. Nichukue nini kutoka kwa wazee?

Chukua mpango wa watu. Mlango wa pili unaomwezesha mama kutoka bila kupita mbele ya wageni. Jiko la nje lenye bomba la moshi, kwa sababu hata wenye gesi hupika nje siku ya shughuli. Chumba cha mgeni chenye choo chake. Chumba cha wavulana chenye mlango wa nje. Utaona mafundi wa Mbeya wanakijenga bila kuulizwa, nao wanafuata jambo la zamani bila kulitaja. Ua unaotosha watu wengi kukaa. Kama kiwanja ni kidogo, punguza sebule kabla hujapunguza ua.

Nyumba ya zamani ya babu inabomolewa mwezi ujao. Nifanye nini kabla?

Ipime kwa futi, urefu, upana na kimo cha mlango, uchore kwenye daftari hata kama mchoro ni mbaya. Piga picha kutoka ndani kwenda nje, si nje peke yake: mwonekano wa aliyekaa kwenye mafiga, wa aliyelala kitandani. Piga picha za viungo, mahali boriti inapokutana na nguzo na namna ilivyofungwa. Hifadhi kipande cha mwanzi wenye masizi.

Kisha waketishe wazee pale pale ndani, wakati kuta bado zimesimama, uwashe simu irekodi. Waulize nani alilala upande gani, ng'ombe walifungwa wapi, kigoda cha babu kilikaa wapi, mgeni aliishia wapi, nani hakuruhusiwa kuvuka wapi, nani alizaliwa na nani alifia humo. Waache waseme kwa Kihehe, Kinyakyusa, Kisafwa, Kibena, lugha yao, na kila sehemu ya nyumba waitaje kwa jina lake. Mtu akisimama mahali penyewe hukumbuka mambo ambayo kwenye kochi mjini hayaji. Na bibi mhoji tena peke yake, siku nyingine, bila wanawe wa kiume kuwepo. Ya jikoni na ya uzazi hatayasema mbele yao.